Mahindi Bila Wakili, Ardhi na Wakili

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote unaozidi thamani ya shilingi laki tano uwe wa maandishi. Kwetu sisi tunaouza nafaka Kisenyi, hapa Kampala, laki tano ni magunia ambayo msimu bei ikipanda hayafiki hata matano. Kwa hesabu hiyo karibu kila tunachofanya, tangu asubuhi vinu vinapoanza kunguruma hadi jioni wapakiaji wanapodai chao, kilipaswa kuandikwa.

Watu wakisikia hivyo hushtuka, wakadhani wameambiwa watafute wakili. Sheria imetaka maandishi, wakili haikumtaja. Tena sheria hiyohiyo inaukubali ujumbe wa simu au kompyuta kuwa ni maandishi, mradi ubaki mahali unapoweza kufunguliwa na kusomwa baadaye. Meseji ya WhatsApp ambayo mteja wangu wa Nairobi ameijibu "sawa mama, pakia" ni mkataba kamili. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari limo ndani ya simu. Ila usiwe mtu wa kufuta meseji kila simu ikijaa.

Mimi si mwanasheria. Ni mfanyabiashara wa mahindi na maharage, na haya ni maoni ya mtu anayewalipa mawakili, si ya anayelipwa. Nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaoanza: wakili nimwite lini, na nimpe kazi kiasi gani? Wengi wana kipimo chao tayari, nacho ni ukubwa wa pesa. Pesa kidogo, tumalizane wenyewe. Pesa nyingi, twende kwa wakili. Kipimo hicho sikikubali. Nimeuza mzigo wa makumi ya milioni kwa simu tu, na nisingenunua hata chumba kimoja cha duka kwa njia hiyo. Mimi huuliza: mambo yakiharibika, kuna kurudi nyuma? Lori likifika na mahindi yenye unyevu, tutagombana, tutapunguza bei, na msimu ujao tutafanya biashara tena. Hasara itauma, kisha itaisha. Lakini ukinunua ardhi kwa mtu ambaye si yake, hakuna msimu ujao.

Tuanze na mahindi, maana hayana maneno mengi. Oda yangu huwa na mambo yaleyale: aina ya nafaka, kilo, bei ya kilo, unyevu, nani analipa wapakiaji, nani analipa lori, pesa inaingia kabla au baada ya kushusha. Unyevu nauandika kwa namba, 13.5%, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki, kwa sababu ukavu wa kutafunia jinoni kila mtu ana wake. Hapo sihitaji wakili, na wakili mwenyewe angenishangaa nikimpelekea kila lori.

Lakini hata kwenye mahindi kuna siku iliyonifanya nifungue mlango wa wakili. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Siku chache baadaye mpaka ulifunguliwa kwa masharti: waingizaji wajisajili, na kila mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Malori yalikuwa yameshaondoka. Pale Busia na Malaba watu hawakuwa wakibishana kuhusu ukungu wa mahindi. Walikuwa wakibishana kuhusu hasara. Mzigo umeuzwa, umepakiwa, haujafika, na sasa hauwezi kuvuka. Ni wa nani? Muuzaji anasema nilishauza. Mnunuzi anasema sijapokea. Dereva anasema mimi nataka pesa ya kulala barabarani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inawaachia wahusika nafasi kubwa ya kupatana wenyewe juu ya mambo kama hayo, na wasipopatana inawaamulia, na uamuzi wa namna hiyo huwa haumfurahishi mtu.

Baada ya vurumai hiyo nilimwendea wakili nikamwomba ukurasa mmoja. Nilisisitiza ukurasa mmoja, kwa sababu mawakili wetu wakiachiwa wanapenda kurefusha. Ukurasa unasema mzigo unakuwa wa mnunuzi lini, nani anatafuta cheti cha sumukuvu, nani anabeba gharama serikali ikifunga mpaka, na tukigombana tunakwenda wapi. Kila mteja mpya naambatanisha ukurasa ule kwenye oda ya kwanza, anaukubali, basi. Nimelipa mara moja, nautumia kila msimu. Kama kuna njia moja ya kumtumia wakili ambayo wafanyabiashara wadogo hawaijui, ni hii: usimnunue kwa kila biashara, nunua kwake karatasi utakayoitumia mwenyewe.

Na deni likikwama? Hapa serikali yenyewe imeshakuamulia juu ya wakili. Chini ya kanuni za madai madogo za mwaka 2011, dai lisilozidi shilingi milioni kumi linaweza kusikilizwa kwa utaratibu mfupi mbele ya hakimu, na mawakili hawaruhusiwi kuwasimamia watu humo. Unamwandikia mdaiwa barua ya madai kwanza, akinyamaza unakwenda mahakamani na meseji zako na risiti zako za benki au za pesa za simu. Nimeona watu wakimlipa wakili milioni mbili kufukuzia milioni sita, jambo ambalo hata kwa hesabu za shule ya msingi halikubaliki. Kumbuka tu kwamba dai la mkataba hufa baada ya miaka sita. Deni la rafiki ambalo unaona haya kulidai lina umri wake.

Sasa ardhi. Hapa nitakaa, maana ndipo jasho la wengi linapomwagwa.

Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, frihodi (wa moja kwa moja), mailo, na lizi (wa kukodi kwa muda). Asiye raia anaweza kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99, jambo ambalo ndugu zetu kutoka Kenya na Kongo wanaokuja kununua viwanja huku wengine hulisikia wakiwa wameshatoa pesa. Kampala na viunga vyake vimo ndani ya Buganda, na Buganda ndiko kwenye mailo, mfumo uliozaliwa na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza. Katika mailo kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na wenye haki wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja aliyejenga na kulima juu yake. Mwenye kibanja humlipa mwenye hati busuulu, yaani kodi ya ardhi, kila mwaka. Akitaka kuuza kibanja chake, sheria inamtaka ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kukinunua. Mwenye ardhi akikataa kununua na kuridhia mtu mwingine anunue, mnunuzi humpa kanzu, ambayo leo ni pesa, mara nyingi sehemu moja ya kumi ya bei. Anayenunua kibanja kimyakimya ili akwepe kanzu amenunua ugomvi, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2010 amejiweka pabaya zaidi.

Je, ukinunua hati yenyewe? Wengi huona hapo wamefika. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekuwa amekaa juu ya ardhi bila kupingwa kwa miaka kumi na miwili au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, yeye na waliopokea haki kutoka kwake. Hati ikihama kutoka jina hili kwenda jina lile, yeye hahami. Kwa hiyo unaweza kuwa na hati safi isiyo na doa, na juu yake kukawa na kijiji.

Shemeji yangu alitaka ekari mbili upande wa Mukono, ajenge ghala. Akafanya kama inavyoshauriwa: wakili akaenda ofisi ya ardhi akaikagua hati. Hati ni halisi, jina la muuzaji ndilo lililoandikwa, hakuna rehani, hakuna kaveti, yaani zuio la mtu mwingine anayedai haki. Wakili akaandika barua nzuri yenye nembo. Shemeji akawa tayari kulipa. Dada yangu, ambaye sheria hakuisomea, akasema yeye haweki pesa mahali ambapo hajapakanyaga. Akapanda bodaboda akaenda. Akakuta migomba iliyokwisha kuzaa, kaburi lililosakafiwa, na bibi mmoja anaanika kahawa mbele ya nyumba ya matofali. Akapiga magoti, akamwamkia kwa Kiganda, wakazungumza habari za mvua na za watoto, ndipo akamwuliza: "Jaja, mmeambiwa mtahama lini?" Bibi akamtazama. "Kwenda wapi, mwanangu?"

Wakili hakuwa amekosea. Alitumwa kuangalia kitabu cha serikali, na kitabu kilikuwa kimesema kweli. Kitabu hicho hakina ukurasa wa bibi anayeanika kahawa. Hili ndilo ninalotaka vijana walielewe: kuna kazi ya wakili na kuna kazi ya miguu yako, na huwezi kulipia moja ili ukwepe nyingine. Waulize majirani pande zote nne. Nenda siku ya kazi na siku ya mapumziko. Kaa kwenye kibanda cha chai kilicho karibu uagize chai na chapati, utasikia habari za kiwanja hicho tangu enzi za babu wa muuzaji, pamoja na za kesi ambazo muuzaji amesahau kukutajia. Tafuta makaburi, katika Buganda mtu haachi kwa urahisi ardhi aliyozikia wazazi wake.

Kilichotokea Mukono kiliisha vizuri. Walikaa chini, bibi na wanawe, muuzaji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na shemeji. Bibi akakatiwa sehemu yake, ikapimwa, akaandikiwa. Bei ya iliyobaki ikashuka. Na hapo wakili akarudi kazini, safari hii akiwa na jambo la maana la kuandika. Ukiniuliza, makubaliano yale chini ya mwembe yalikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili ilikuwa kuyatia kwenye maandishi ambayo wajukuu wa bibi na watoto wa shemeji hawatayabishia.

Nimemtaja mwenyekiti wa LC1, na lazima niseme neno juu ya muhuri wake. Watu wanauheshimu kupita kiasi. Barua ya LC1 inathibitisha kwamba mwenyekiti anamjua mtu huyu na shughuli ilifanyika mbele yake. Haimfanyi muuzaji kuwa mwenye mali. Mwenyekiti naye binadamu, siku hiyo hupewa chake, na akishapewa chake si rahisi kukataa kupiga muhuri. Mchukue kama shahidi mzuri, na wala asichukue nafasi ya wakili.

Kisha kuna mwenzi. Kwa ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia riziki, sheria haimruhusu mume auze bila ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume. Muuzaji akija peke yake, akiwa na haraka, anasema mke yuko safarini, wewe ngoja mke arudi. Na kama nyumba ni ya wake wawili, uliza habari za wote wawili. Wakili ambaye hakuulizi swali hili kabla ya kuandika chochote, badilisha wakili.

Dalali atakwambia usijisumbue, sisi tuna wakili wetu, atatuandikia sote, mtagawana gharama. Inavutia, maana ni nafuu. Lakini wakili huyo ameletwa na dalali, na wiki ijayo ataletewa muuzaji mwingine na dalali huyohuyo. Wewe atakuona leo tu. Sisemi ni mwizi. Nasema siku muuzaji atakapokataa kuonyesha kitu, wakili wa wote hatakuwa na mtu wa kumnong'oneza, na wewe ndiye ungehitaji kunong'onezwa. Kwa ardhi kila upande uwe na wake, hata kama wa kwako ni kijana aliyetoka juzi Law Development Centre, chuo wanakofundishwa mawakili, na ofisi yake iko ghorofa ya nne isiyo na lifti.

Na usitishwe na ofisi nzuri. Kampala imeshasikia habari nyingi za wageni waliotapeliwa kwa dhahabu bandia, na katika masimulizi hayo mara nyingi kuna mikataba iliyopambwa na ofisi ya kiyoyozi inayosemekana ni ya wakili. Makaratasi mazuri yanapatikana Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, mchana kweupe. Wakili wa kweli lazima awe na cheti cha kufanya kazi kinachohuishwa kila mwaka, na unaweza kuuliza kwa Uganda Law Society, chama cha mawakili, kama fulani anacho. Hili si jambo la kupuuza: katika miaka ya 1990 kesi ya profesa mmoja dhidi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale ilifika hadi Mahakama ya Juu, na mahakama ikasema nyaraka zilizoandaliwa na wakili asiye na cheti hai hazifai. Mwaka 2002 sheria ilirekebishwa ili mteja asiadhibiwe kwa kosa la wakili wake. Hata hivyo, nani anataka kujitetea kwa marekebisho?

Kuna karatasi moja ambayo imewamaliza watu wengi katika mji huu kuliko zote, nayo ni mkataba wa mauzo unaoficha mkopo. Unahitaji pesa haraka, mavuno yanakuja, bei bado iko chini, unataka kununua na kuweka. Benki inachelewa. Mkopeshaji wa mtaani anakupa pesa siku hiyohiyo, ila anakutaka utie sahihi kwamba umemuuzia nyumba yako kwa kiasi hichohicho, na fomu za kuhamisha hati uzisaini bila tarehe. "Ni utaratibu tu," atakwambia. "Ukirudisha pesa tunaichana." Riba haijaandikwa popote, kwa sababu kwenye karatasi hakuna mkopo. Ukichelewa, yeye si mkopeshaji tena, ni mnunuzi anayekuja kuchukua nyumba yake.

Jirani yangu wa kinuni alinijia na karatasi ya namna hiyo ndani ya mkoba, bado hajasaini. Chini kulikuwa na jina na muhuri wa wakili, na huo muhuri ndio uliompa imani. Nikampigia simu wakili wangu, nikamsomea. Hakuniuliza mambo mengi. "Hapo riba ni asilimia ngapi?" Nikapekua. Hakuna. "Basi mwambie huo si mkopo, anauza nyumba." Simu haikuchukua hata robo saa na hakunitoza kitu, ingawa krismasi ile alipata gunia la maharage. Jirani alikwenda kwenye saccos yao akakopa kidogo kuliko alichotaka. Tangu 2016 kuna sheria ya wakopeshaji wa namna hii na mamlaka ya kuwasajili, UMRA; asiye na leseni hapaswi kukopesha kabisa. Mahakama zimewahi kuzitengua karatasi kama ile baada ya kuona kwamba kilichokuwapo ni mkopo. Lakini hiyo ni baada ya miaka ya kesi, na katika miaka hiyo unaishi wapi?

Jirani huyo anasoma Kiswahili bila shida, Qur'ani anaisoma, hesabu zake za kinu haziachi hata mia. Kiingereza ndicho hana. Katika Uganda kuna sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma, na watu wengi wanadhani inawahusu wazee wa vijijini wanaoweka dole gumba. Inamhusu kila mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ambayo karatasi imeandikwa. Mbele ya karatasi ya Kiingereza, jirani yangu yumo, na mfanyabiashara wa Bukavu mwenye shahada ya Kifaransa naye yumo. Anayekuandikia anatakiwa akusomee, akueleze kwa lugha unayoielewa, na aandike mwishoni jina lake kamili na anwani yake kwamba amefanya hivyo. Dai hilo. Usione haya. Kiswahili kimo katika Katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini nitajie ofisi ya ardhi iliyokupa hati ya Kiswahili! Mpaka siku hiyo ifike, tafsiri iliyoshuhudiwa ndiyo ngao yako, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya wakili ambayo watu wetu wanaidai kidogo kuliko zote.

Kuhusu gharama nitapita haraka. Ada za mawakili zina kanuni zake, za mwaka 1982 zilizorekebishwa 2018, na kwa mauzo ya ardhi huenda na thamani ya mali, kwa hiyo uliza kabla hujakaa kwenye kiti. Mkipatana ada ya peke yenu, muiandike. Tena sheria inataka makubaliano ya namna hiyo yawe na uthibitisho wa nota (mwanasheria anayeruhusiwa kushuhudia nyaraka) ambaye si wakili huyohuyo, ili ijulikane kwamba ulielezwa ukaelewa. Mawakili wengi hawatakukumbusha hilo.

Wateja wetu wengi siku hizi wanatoka Kongo, kupitia mipaka ya Mpondwe na Bunagana. Wanalipa vizuri, taslimu, dola. Siku wasipolipa ndipo unapogundua kwamba mtu wako yuko Butembo na hukumu yako iko Kampala. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini sheria zake za biashara ni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo iliuingia mwaka 2012, na hazifanani na zetu. Wakili niliyemwendea kwa jambo hili alinipa sentensi moja ya kuongeza kwenye ukurasa wangu: kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na msuluhishi tuliyekubaliana, Kampala, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Sababu yake ni kwamba Uganda na Kongo zote zimejiunga na Mkataba wa New York wa kutambua maamuzi ya usuluhishi, sisi mwaka 1992, wao mwaka 2014. Uamuzi wa msuluhishi una njia ya kuvuka mpaka ambayo hukumu ya kawaida ya mahakama ingehangaika kuipata. Sentensi ile ilinigharimu pesa ya maana na sijutii hata senti. Bado nachukua nusu ya malipo kabla lori halijaondoka, na hilo hakuna wakili aliyenifundisha.

Kuna mahali ambapo nimeona wakili akiharibu. Vijana wawili, marafiki tangu madrasa, walitaka kununua kinu kwa ushirika. Mmoja alikwenda kwa wakili peke yake akarudi na mkataba wa kurasa nyingi, umejaa adhabu: ukichelewa kuchangia utafanywa hivi, ukijitoa utapoteza vile. Alimpa mwenzake asaini. Mwenzake akasoma kurasa mbili, akauliza, "Kumbe unaniona mwizi?" Kinu hakikununuliwa. Wakili alifanya alichotumwa: alimlinda mteja wake. Ila ushirika haukuwa umefikia pa kulindwa, ulikuwa bado unazungumzwa.

Mimi na binamu yangu tulipofungua biashara yetu tulianza kinyume. Tulikaa usiku tukakubaliana nani anatoa nini, nani analipwa mshahara na nani anangoja faida, nani anaweza kutoa pesa benki. Tukaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu. Ndipo tukaenda kwa wakili pamoja, tukampa karatasi yetu na kumwomba atuulize tuliyoyasahau. Akasoma, akatuuliza: "Mmoja wenu akifa kesho, mwenzake atakuwa na ushirika na nani?" Tulinyamaza, maana binamu ana wake wawili na mimi nina watoto wadogo. Kuisajili kampuni URSB, ofisi ya serikali ya usajili, baada ya hapo ilikuwa kazi ndogo, siku hizi inafanyika mtandaoni, wala haihitaji wakili kwa biashara ya kawaida. Tuliyemlipia ni yule wa lile swali.

Hivi sasa mwenye jengo tunamoweka mzigo ametuletea mkataba mpya wa miaka mitano, kodi kwa dola, inayopanda kila mwaka. Nimeusoma mwenyewe mara ya kwanza na binamu mara ya pili. Wakili nimemtumia maswali matatu tu. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inasema kodi ni kwa shilingi isipokuwa tumekubaliana vingine, na kwamba isipande zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka: hicho kifungu chake cha kupandisha kinapita? Pango linalozidi miaka mitatu linatakiwa kusajiliwa kwenye hati: nani atalipia, na asiposajili tuko wapi? Na jengo liko rehani benki, ndivyo watu wanavyosema. Akishindwa kulipa, benki inaweza kututoa? Swali la kama ghala lenyewe linafaa kwa bei hiyo sijamuuliza. Paa linavuja upande wa nyuma na lori kubwa haligeuki uani, na hayo mimi na mwenye jengo tutayasemea palepale Jumanne, tukiwa tumesimama chini ya paa lenyewe.